Mhandisi Mwanafunzi Ajitoleaye: Amfanyia Kazi Nani?



Liko jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utasema halituhusu. Katika vyuo vikuu, vijana wanaosomea shahada ya pili na ya tatu katika uhandisi huhimizwa wajitolee katika vyama vya kitaaluma vya wahandisi. Huambiwa waandike kumbukumbu za mikutano, waalike wahadhiri wageni, wapime makala za mkutano mkuu, waende shule za sekondari kuwafundisha watoto, na wakiweza, waingie katika kamati. Malipo hakuna. Mtu wa kiwandani akiyasikia hayo hucheka. Husema, kijana ana nafasi ya kusoma, anaishi kwa fedha ya ufadhili, na bado anapata saa za kufanya kazi ya bure! Michezo ya wenye nafasi hiyo.

Mimi nasema jambo hili ni letu. Sitawapamba vijana hao, wala sitavipamba vyama vyao, kwa maana vyama vya wahandisi si vyama vya wafanyakazi na havijapata kuwa. Ndani yake meneja na mhandisi aliye chini yake huketi meza moja na kuitana wenzi. Lakini huko huko, katika vikao vya watu wasiolipwa, ndiko huandikwa maneno yanayoamua unene wa chuma cha boila unayosimama mbele yake zamu ya usiku. Asiyelijua hilo atadhani kwamba usalama wake huamuliwa na serikali peke yake, au na mwajiri peke yake.

Tuanze na boila basi, maana wengi wetu twaijua. Pasipo mvuke hakuna chai. Majani hunyaushwa na kukaushwa kwa joto la boila inayokula kuni usiku na mchana. Katika viwanda vya sukari, kama vile Kakira na Lugazi, makapi ya miwa ndiyo yanayochomwa, na mvuke wake ndio unaoendesha mitambo. Sasa, boila si sufuria. Maji yaliyomo yamebanwa, kwa hiyo joto lake hupita digrii 100 nayo yangali maji. Bamba la chuma likipasuka ghafula, mbano hutoka na sehemu kubwa ya maji yale hugeuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hujaza zaidi ya lita 1,600. Ndiyo maana boila ikipasuka haimwagi maji tu. Hung'oa jengo.

Wenzetu wa Marekani walijifunza hayo kwa maiti. Mwezi Aprili 1865 meli ya mvuke iitwayo Sultana ilipasuka boila katika mto Mississippi, imejaa askari waliokuwa wakirudi makwao kutoka magereza ya vita. Walikufa zaidi ya watu elfu moja. Hata baada ya msiba huo miaka ilipita, na boila ziliendelea kupasuka katika viwanda, na kila mara ikasemwa kwamba ni amri ya Mungu, au kwamba mchochea moto alilala. Mchochea moto mwenyewe aghalabu alikuwa amekwisha kufa, hawezi kujibu.

Jumatatu tarehe 20 Machi 1905, kabla kidogo ya saa mbili asubuhi, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, boila ya kiwanda cha viatu cha Grover ilipasuka. Ilikuwa boila ya zamani iliyowekwa akiba, ikawashwa kwa sababu ile mpya ilikuwa imezimwa. Iliruka ikatoboa paa. Jengo la mbao la ghorofa nne likaporomoka juu ya wafanyakazi waliokuwa wamekwisha kukaa kwenye mashine zao, halafu moto ukashika. Walikufa watu 58, na wengine wapatao 150 wakajeruhiwa. Baadhi ya waliokufa hawakuweza hata kutambuliwa nyuso.

Wataalamu walipochunguza waliona kwamba bamba lilikuwa na ufa uliojificha. Zamani mabamba ya boila yaliunganishwa kwa kulaza ukingo wa moja juu ya ukingo wa jingine, kisha kupigwa riveti. Kwa kuwa kingo zimepandana, mduara wa boila hauwi mduara wa kweli. Kila mbano ukipanda na kushuka chuma hujipinda kidogo pale pale penye riveti, na baada ya miaka hupata uchovu, hufanya ufa. Ufa wenyewe uko kati ya mabamba mawili. Mkaguzi akipita na taa hauoni. Mchochea moto hauoni. Hakuna aliyelala.

Mwaka uliofuata, 1906, ikapasuka boila nyingine katika kiwanda cha viatu mjini Lynn, jimbo lile lile. Mwaka 1907 Massachusetts ikatunga sheria na kuunda bodi ya kanuni za boila. Lakini jimbo moja likiwa na kanuni na la pili likiwa na nyingine, boila iliyo halali hapa huwa haramu pale, na wenye viwanda vya kutengeneza boila nao wakaanza kulalamika, si kwa huruma bali kwa hasara. Hapo ndipo kilipoingia chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ASME, kilichoundwa mwaka 1880. Mwaka 1911 rais wake, Edward D. Meier, ambaye mwenyewe alikuwa na kampuni ya boila, aliunda kamati chini ya John A. Stevens ili iandike kanuni moja ya kufuatwa na majimbo yote. Toleo la kwanza, lenye kurasa 114, ni la mwaka 1914, nalo lilipitishwa mapema mwaka 1915. Leo kanuni hiyo na nyongeza zake ni rafu nzima ya vitabu, hutolewa upya kila baada ya miaka miwili, na hutumiwa katika nchi zaidi ya 100. Milipuko ilipungua sana katika miongo iliyofuata, ingawa mbano wa boila ulizidi kupandishwa.

Nimeyasema hayo kwa urefu kwa sababu ya neno moja. Kanuni hiyo haikuandikwa na serikali, na wala wanaoiandika hadi leo hawalipwi mshahara na chama. Ni watu wa kujitolea. Hukutana mara kwa mara kwa mwaka, hubishana juu ya milimita, hupiga kura, hurudi makazini mwao.

Sasa uliza: katika kamati ile ya kwanza walikuwamo akina nani? Walikuwamo maprofesa, watengenezaji wa boila, mtu wa mabamba ya chuma, mtu wa bima. Mchochea moto hakuwamo. Wala mshona viatu wa Brockton hakuwamo. Sisemi kwamba walifanya kazi mbaya. Kazi yao imeokoa watu wengi kuliko hotuba nyingi nilizozisikia maishani mwangu. Nasema tu kwamba wafu walileta hoja, na walio hai wa upande wao hawakuketi mezani.

Na hapa pana jambo ambalo vijana wanaohimizwa kujitolea hawaambiwi vya kutosha. Kazi isiyolipwa haina maana kwamba haina mlipaji. Mhandisi anayekwenda kwenye kikao cha kamati amepanda ndege kwa tikiti ya nani? Amelala hoteli kwa fedha ya nani? Mara nyingi ni ya mwajiri wake. Chama hakimlipi, lakini kampuni yamlipa mshahara wake siku zile zile anazojitolea. Wengi ni watu waaminifu, huacha mambo ya kampuni mlangoni. Lakini si wote.

Kisa chake kimo katika kumbukumbu za mahakama kuu kuliko zote ya Marekani. Kila boila yapaswa kuwa na kifaa cha kukata moto maji yanapopungua, kwa maana maji yakishuka chini ya mabomba na moto ukaendelea, chuma huungua na kulegea. Kampuni moja, McDonnell & Miller, ndiyo iliyokuwa imetawala soko la vifaa hivyo. Ikaja kampuni ndogo, Hydrolevel, na kifaa cha namna mpya ambacho hungoja kidogo kabla ya kukata moto. Mwaka 1971 barua iliandikwa kwa ASME kuuliza kama kifaa kinachongoja kinakubaliana na kanuni. Swali lilionekana la kawaida. Kumbe ofisa mmoja wa McDonnell & Miller alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ndogo iliyosimamia sehemu hiyo ya kanuni, naye na mwenyekiti wake walishiriki kulitunga swali lenyewe; kisha mwenyekiti yule yule akaandaa jibu. Jibu likatoka kwenye karatasi ya chama, likisomeka kana kwamba kifaa hicho ni cha hatari. Wauzaji wa McDonnell & Miller wakalichukua jibu hilo kuwaonyesha wanunuzi. Hydrolevel ikaanguka. Tarehe 17 Mei 1982 mahakama, majaji 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba ASME chenyewe kinawajibika, maana waliotenda hayo walitumia jina na mamlaka ya chama, ingawa walikuwa watu wa kujitolea tu.

Mnaona? Watu wawili wasiolipwa senti na chama waliweza kuiua kampuni kwa barua moja. Nguvu hiyo ndiyo iliyo ndani ya kamati. Ikiwa yaweza kutumika kwa ajili ya soko la mwajiri, yaweza pia kutumika kwa ajili ya uhai wa mchochea moto, ila tu awepo mtu wa kuitumia hivyo.

Ndipo nafika kwa mwanafunzi. Kijana wa shahada ya pili au ya tatu yuko mahali pa pekee. Amekwisha kujua hesabu za uchovu wa chuma, jambo ambalo mimi na wewe hatulijui ila kwa kuona bamba lililopasuka. Wakati huo huo hajaweka saini yake kwenye mkataba wa kampuni. Hana tikiti ya mwajiri. Katika meza iliyojaa watu waliotumwa, yeye aweza kuwa mtu ambaye hakutumwa na mtu. Aweza kuuliza swali la kijinga, na swali la kijinga mara nyingi ndilo linalokosekana: ikiwa ufa uko kati ya mabamba mawili, mkaguzi atauonaje?

Wako watakaosema kwamba hata yeye hana uhuru. Ni kweli kwa sehemu. Fedha ya ufadhili ina mwenyewe, na profesa anayemsimamia huenda akawa mshauri wa kampuni ile ile. Kijana akikosana na profesa, shahada yake yaweza kulala miaka. Lakini uhuru wake, hata ukiwa mdogo, ni mkubwa kuliko wa mhandisi mwenye mke, watoto na nyumba ya kampuni.

Hilo tuliliona San Francisco. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji huo na jirani zake walikuwa wakijenga reli mpya ya umeme, BART, ambayo treni zake ziliendeshwa kwa mitambo yenyewe badala ya mkono wa dereva. Wahandisi watatu, Holger Hjortsvang, Max Blankenzee na Robert Bruder, waliona kwamba mitambo ya kuongoza treni haijaribiwi ipasavyo. Waliwaambia wakubwa, hawakusikilizwa. Habari ikafika kwa wajumbe wa bodi, bodi ikasimama upande wa wakubwa, na mwezi Machi 1972 watatu hao wakafukuzwa. Reli ilifunguliwa Septemba mwaka huo. Tarehe 2 Oktoba, majuma matatu baadaye, treni iliyofika kituo cha Fremont haikusimama. Kipande kimoja cha umeme kilikuwa na kasoro, kikaiamuru iende kasi badala ya kupunguza. Ilipita mwisho wa reli, ikatumbukia mchangani, na abiria wakajeruhiwa.

Wale watatu walikaa bila kazi miezi kadhaa. Walishitaki. Chama cha wahandisi wa umeme, IEEE, kilichoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha vyama viwili vya zamani, kiliandikia mahakama mwaka 1975 kikisema kwamba katika kila mkataba wa mhandisi pana sharti, hata kama halikuandikwa, kwamba yampasa kulinda usalama wa watu, na kwamba kumfukuza kwa kulitimiza ni kuuvunja mkataba. Kesi yenyewe haikufika mwisho. Walipatana nje ya mahakama kwa dola 75,000 kwa wote watatu, na sehemu yake ikaenda kwa wanasheria. Mwaka 1978 IEEE kikawapa tuzo ya utumishi kwa manufaa ya watu.

Watu wa chama cha wafanyakazi tutasema, tuzo haijazi chungu. Ni kweli. Chama cha wahandisi hakiwezi kuitisha mgomo. Hakina mkataba wa pamoja na mwajiri. Kilichoweza ni kuandika. Lakini tusiidharau barua ile, kwa maana haikushuka kutoka mbinguni wala haikutoka kwa wakubwa wa chama kwa hiari yao. Ilisukumwa na wanachama wa kujitolea waliokuwa wamejiunga katika kamati ya mambo ya jamii, iliyoanzishwa mwaka 1972, akiwamo profesa Stephen Unger wa Chuo Kikuu cha Columbia. Wao ndio waliokaa usiku kusoma majalada ya watu waliofukuzwa. Na miaka ya baadaye, mwaka 1996, watu wa namna hiyo waliposaidia kufungua simu ambayo mhandisi mwenye dhiki ya dhamiri aweza kuipiga na kupata ushauri, viongozi wa juu wa IEEE waliisimamisha kabla mwaka haujapita sana. Kazi ya kujitolea huchukua miaka kujengwa, nayo hubomolewa kwa kikao kimoja. Hilo nasi twalijua katika matawi yetu.

Sasa niseme juu ya kujitolea kwenyewe, kwa maana neno hili limetumiwa vibaya na kila mtu. Mfanyakazi ana haki ya kulishuku. Ni mara ngapi tumeambiwa tujitolee, na mwisho wake ilikuwa kufyeka uwanja wa meneja siku ya Jumapili? Kwa hiyo yafaa kupima. Ikiwa mwanafunzi anaandika kumbukumbu za kikao, anapanga mkutano, anawafundisha watoto wa shule jinsi umeme unavyopita katika waya, hiyo ni kazi ya ujirani, na kila chama huishi kwa kazi ya namna hiyo, chetu kikiwamo. Ni nani anayelipwa kukusanya ada za tawi? Lakini ikiwa kampuni inatumia jina la chama ili wanafunzi wapime mitambo yake bure, kazi ambayo jana ilikuwa ya fundi anayelipwa, basi huo ni wizi wa mshahara wa mtu wawili: wa fundi aliyeachwa na wa kijana aliyedanganywa. Kijana ajifunze kutofautisha. Alama yake ni rahisi. Atazame ni nani ambaye angelilipa kama yeye asingekuwapo.

Wako pia wanaojitolea kwa ajili ya karatasi. Wanataka waandike katika barua ya kuomba kazi kwamba walikuwa katibu wa hiki na mwenyekiti wa kile. Mimi siwalaumu sana. Kazi ni adimu, na hata mtu aliyeingia mlangoni kwa tamaa aweza kujifunza jambo akiwa ndani. Atajifunza kusema mbele ya watu, kusikiliza mzee mbishi, kuandika hoja fupi, kufunga kikao kwa wakati. Mabingwa wengi wa hesabu hawajui hata kimoja katika hayo manne, na wanapokuja kiwandani huzungumza na mashine tu.

Tuje kwetu. Hapa Uganda kabla ya mwaka 1970 kijana aliyetaka shahada ya uhandisi ilimbidi aende Nairobi au ng'ambo. Mwaka huo ndipo Makerere ilipoanzisha kitivo chake cha teknolojia. Vyama vya wahandisi vya Uganda na vya Kenya vilianza kusimama kila kimoja kwa miguu yake mwaka 1972. Navyo IEEE na vinginevyo vya ng'ambo vina matawi ya wanafunzi katika vyuo vya Kenya na Uganda. Kwa hiyo vijana ninaowasema si wa Marekani tu. Wako maili chache kutoka mashamba yetu, na wengine ni watoto wetu hasa, waliosomeshwa kwa majani ya chai yaliyochumwa na mama zao.

Lakini tawi la wanafunzi hapa likiitisha mkutano, mgeni wa heshima ni nani? Ni mtu wa benki, au wa simu, au mhandisi mkuu wa kampuni. Huongea Kiingereza saa mbili, hupigwa picha, huondoka. Sijasikia fundi wa boila mwenye miaka thelathini kazini akialikwa awaeleze vijana sauti ya valvu inayotaka kukwama. Yeye ndiye kitabu ambacho hakikuchapishwa. Na kwa upande wetu kosa lipo vile vile: matawi yetu ya wafanyakazi hayajawahi kufikiri kumwandikia barua mwenyekiti wa wanafunzi wa uhandisi. Twamwona ni meneja wa kesho, nasi twamngoja awe meneja ndipo tugombane naye.

Kuna mahali ambapo kazi ya vijana hawa yaweza kutufaa mara moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya usalama na afya kazini inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa mwajiri na wa wafanyakazi. Uganda nayo ina sheria yake ya mwaka 2006. Mjumbe wa wafanyakazi huingia katika kamati hiyo mikono mitupu. Meneja ana vyeti, ana ripoti ya mkaguzi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha ufundi, ana kitabu cha kanuni kilichonunuliwa kwa bei ambayo mchuma chai hawezi kuitoa hata akichanga na wenzake wa mstari mzima. (Hilo nalo ni la kushangaza: kanuni imeandikwa na watu wa kujitolea, kisha inauzwa ghali.) Mwanafunzi anaweza kuisoma katika maktaba ya chuo. Anaweza kumweleza mjumbe wetu, kwa Kiswahili cha kawaida, ripoti inasema nini na inanyamaza wapi. Saa mbili za kazi yake ya bure zaweza kumtoa mjumbe wetu katika kutikisa kichwa mpaka katika kuuliza swali.

Tena kuna mashirika ya viwango. Kenya ilianzisha la kwake mwaka 1974, Tanzania mwaka 1975, Uganda kwa sheria ya mwaka 1983. Nayo hufanya kazi kwa kamati za ufundi zinazowaita watu wa viwanda, wa vyuo na wa watumiaji. Mtu wa chuo mara nyingi ni profesa ambaye hana nafasi ya kuja. Basi amtume mwanafunzi wake, na mwanafunzi kabla ya kwenda apite kwetu. Nasi tuidai nafasi yetu wenyewe katika kamati hizo, wala tusikubali kuwakilishwa na kijana milele, hata awe mwema namna gani. Yeye atahitimu, ataajiriwa, na siku moja atakuja na tikiti ya mwajiri kama wengine. Siku hiyo tukimkuta mezani, angalau awe anatujua.

Kwa hiyo nashauri kila tawi lenye boila liandike barua mwaka huu kwa tawi la wanafunzi wa uhandisi lililo karibu, na nakala kwa chama cha wahandisi cha nchi. Waalikwe waje siku boila inapofunguliwa kusafishwa, maana siku nyingine hakuna kitu cha kuona ila rangi ya nje. Siku hiyo wataona ukoko uliogandamana ndani ya mabomba kama ule wa birika la nyumbani, na wataelewa kwa nini bomba huungua ingawa maji yamo. Ruhusa ya mwajiri itahitajika; iombwe kwa maandishi, na akikataa, kataa lake nalo liandikwe katika kumbukumbu za kamati ya usalama. Nauli ya vijana tuichange wenyewe. Asilipe mwenye kiwanda, kwa sababu nimekwisha kuzieleza hapo juu.

Na wakifika, wasipelekwe kwanza ofisini kunywa chai na meneja. Wapelekwe kwa mchochea moto wa zamu ya usiku, awaonyeshe kioo cha maji, awaambie kinasafishwa mara ngapi kwa zamu, ni nani aliyeijaribu valvu ya usalama mara ya mwisho, na ilikuwa mwezi gani.